Darasa la Milioni 20 Lina Mkataba

 Nazungumza nanyi mlioko Fukayosi, Makurunge, Matimbwa, Kiwangwa hadi Msata, pamoja na wenzetu wa Bagamoyo mjini. Jioni ya leo tuzungumze habari ya mikataba ya ujenzi. Nikisema mikataba, msidhani naelekea Mbegani kwenye bandari iliyowekewa jiwe la msingi Oktoba 2015. Bandari hiyo ina wasemaji wengi. Mimi nauchukua mkataba mdogo kuliko yote, ule wa fundi anayejenga darasa la shule ya kijiji, nyumba ya mganga au matundu ya vyoo. Huo ndio mkataba ambao mwananchi wa kawaida wa Fukayosi anaweza kuamka siku moja akajikuta ni msimamizi wake.

Tukumbushane ulivyotufikia. Tarehe 10 Oktoba 2021, pale Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Ndani ya mpango ule yalikuwemo madarasa 15,000 ya nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Kila darasa lilipewa shilingi milioni 20, na yote yalitakiwa yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari 2022. Hesabuni wenyewe. Miezi mitatu haikutimia, na kazi imetapakaa kila pembe ya nchi. Wakandarasi wa kuifanya wangetoka wapi?

Kwa hiyo kazi ikafanywa kwa utaratibu ambao kila mtu sasa anaujua kwa jina la fosi akaunti. Haukuanza siku ile. Vituo vya afya vilivyopanuliwa kuanzia mwaka 2017, kwa shilingi milioni 400 au 500 kila kimoja, vilijengwa hivyo hivyo, na nyuma yake, mwaka 2002, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ulikwisha kuzipa kamati za shule fedha za madarasa. Lakini madarasa ya mwaka 2021 ndiyo yaliyoufikisha utaratibu huu kila kata. Hapati kazi nzima mkandarasi. Fedha inaingia kwenye akaunti ya shule, kamati inanunua saruji, nondo na bati, na fundi wa mtaani anapatana bei ya ufundi peke yake. Kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, na wajumbe wake ni wakulima, wafugaji, mama wauza mananasi, walimu, wazee wa kijiji.

Nauunga mkono utaratibu huu. Umejenga haraka, umeacha fedha za ufundi kwa vijana wa palepale, na umempa mzazi haki ya kuuliza nondo iko wapi. Neno langu la leo ni kwamba fosi akaunti imewageuza kuwa mshitiri. Mshitiri ndiye mwenye kazi, ndiye anayelipa, ndiye anayepokea jengo au kulikataa. Nyinyi wajumbe wa kamati mmekalia kiti kile kile ambacho kwenye kazi kubwa hukaliwa na TANROADS au na wizara. Na kiti hicho kinatawaliwa na mkataba, hata kama kazi yenyewe ni chumba kimoja cha kusomea.

Itazameni barabara inayopita hapo mbele yenu, kilomita 64 za lami kutoka Makofia hadi Msata. Kwenye kazi ya ukubwa ule mshitiri ana wahandisi, mkandarasi ana kambi, na yupo msimamizi ambaye kazi yake ni kupima tu: tuta limeshindiliwa kiasi gani, moramu ni ya kiwango gani, lami ina unene gani. Pale inapovuka bonde la Ruvu, ambalo wote tunajua linavyofurika masika, wanakaa watu waliosomea mwendo wa maji. Kuna vikao vya eneo la kazi, kuna mihtasari, kila kipimo kina karatasi yake. Darasa la kijijini halina watu hao. Lina mhandisi wa halmashauri mwenye kazi zilizotawanyika wilaya nzima na gari linalogombaniwa na idara. Akifika mara mbili au tatu tangu msingi hadi bati, amejitahidi. Siku zote zilizobaki, macho ni ya kamati.

Sasa mkataba wenyewe. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo chimbuko lake ni sheria ya India ya mwaka 1872, inayatambua hata makubaliano ya mdomo. Mkimwambia fundi mbele ya watu, jenga tutakulipa kiasi fulani, na yeye akakubali, hapo tayari kuna mkataba. Shida inakuja kwenye kuuthibitisha. Siku mtakapogombana, kila mmoja atakumbuka maneno yanayompendeza. Ndiyo maana fedha za umma haziruhusiwi kutembea kwa maneno ya mdomo, na ndiyo maana chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, manunuzi ya serikali yanapitishwa kwenye mfumo wa kielektroniki unaoitwa NeST. Sheria hiyo pia imetaka asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vijana wanaofyatua matofali, mnaosikia hapo, jisajilini kama kikundi. Nafasi yenu imeandikwa kwenye sheria, na hakuna anayewafanyia hisani.

Karatasi ya mkataba wa fundi huwa fupi, kurasa chache. Kinachoupa nguvu ni vile vilivyoambatanishwa nao: michoro, na mchanganuo wa vifaa na gharama, ule ambao wahandisi wanauita BOQ. Nimeona kamati nyingi zikiyafungia mambo haya kwenye kabati la mkuu wa shule, kana kwamba ni cheti cha ardhi. Toeni nakala. Mchoro ubandikwe ukutani mahali fundi anapoanzia kazi asubuhi, na mchanganuo awe nao kila mjumbe wa manunuzi. Mjumbe asiyejua lenta ina nondo ngapi, na za milimita ngapi, hawezi kusimamia lenta. Hata kama hakusoma sana, kuhesabu nondo anaweza.

Kwenye mchanganuo huo kuna jambo ambalo watu wa Fukayosi wanalijua kuliko aliyeuandika. Bei za humo mara nyingi ni za jumla, na vifaa havikai mlangoni kwenu. Kokoto zinatoka Lugoba, zipitie Msata ndipo zishuke huku. Saruji inatoka Wazo, Dar es Salaam. Kila kimoja kina nauli yake, na barabara ya kutoka kwenye lami kuingia kitongojini nayo ina bei yake vuli inaponyesha. Mwaka ule wa 2021, shule zote za nchi ziliingia sokoni kwa pamoja kutafuta bati na nondo zile zile, na bei zikapanda huku fedha ikibaki milioni 20. Kamati iliyoliona hilo mapema na kumwandikia mkurugenzi kabla ya kununua ilikuwa na pa kusimamia. Iliyonyamaza ikaja kupunguza nondo kimyakimya ndiyo iliyoulizwa na wakaguzi.

Nikae hapa kwenye vifaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha ya fosi akaunti inapopotelea. Daftari la stoo. Ukurasa mmoja kwa kila kifaa: tarehe, kilichoingia, namba ya hati ya mzigo, aliyepokea, upande wa pili, kilichotoka, kimekwenda kufanya kazi gani, nani amechukua, kimebaki nini. Daftari la shilingi elfu mbili tatu linatosha. Chukueni mfano wa matofali ya inchi 6. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali mazuri kati ya 25 na 35, kutegemea mchanga na ushindiliaji. Tuseme daftari linasema mifuko iliyotoka kwa ajili ya kufyatua ni 50. Mkihesabu matofali mkakuta 1,500, hesabu inakaa. Mkikuta 2,500, mna matofali ya mchanga, yatamomonyoka mvua ya kwanza. Mkikuta 900, kuna mifuko imekwenda kujenga kwa mtu. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi. Inahitaji daftari lililojazwa siku ile ile, na mjumbe asiyeona haya kuhesabu matofali mbele ya jirani yake.

Kokoto na mchanga vinauzwa kwa tripu, na tripu ni neno linalonyumbulika. Pimeni bodi ya lori: urefu, upana, kina. Zidisheni. Andikeni namba ya gari. Dereva akinuna, mwache anune. Kamati ya mapokezi imewekwa kwa ajili hiyo, na hairuhusiwi na utaratibu wowote kusaini kupokea mzigo ambao haukuuona ukishuka. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelirudia jambo hili katika halmashauri nyingi: vifaa vilivyolipiwa bila kukaguliwa na kamati, manunuzi yasiyoshindanishwa, kazi zilizoendelea bila usimamizi wa mtaalamu. Sizisomi ripoti hizo kama habari za wezi wa mbali. Nyuma ya kila mstari kuna mjumbe wa kamati aliyeletewa karatasi nyumbani usiku akaambiwa, mama saini hapa, gari lilishaondoka.

Baada ya vifaa, malipo ya fundi. Mkataba wa ufundi hugawa malipo kwa hatua: msingi na jamvi, ukuta hadi lenta, kupaua, kisha kumalizia, yaani plasta, sakafu, milango na rangi. Kila hatua ina bei yake. Sasa tuseme Ijumaa fundi anakuja, anasema vijana hawajala, naombeni milioni moja, ukuta nitaufikisha lenta Jumanne. Kamati inamhurumia, naye ni mtu wao, watoto wanasoma pamoja. Inatoa. Wiki inayofuata anaomba tena. Ukija kupima, ukuta umefika dirishani, fedha imefika kwenye bati. Hapo mamlaka yamehama, na mshitiri ndiye anayembembeleza fundi arudi kazini. Huruma kwa vijana waliofanya kazi ina njia yake: wapimieni kazi waliyomaliza na kuwalipa sehemu yake, hata kila wiki mkitaka, mradi malipo yaandikwe mbele ya kipimo. Fundi mzuri ataupenda utaratibu huo, kwa sababu unamlinda na yeye asije akaambiwa amelipwa asicholipwa.

Na kabla ya malipo ya hatua, kuna vitu havifunikwi mpaka vionekane. Msingi haufukiwi, na nondo za lenta hazimwagiwi zege, mpaka mhandisi azione, au aliyemkaimisha kwa maandishi. Huku kwetu, ukielekea mabondeni, unakutana na udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Msingi wa mchoro wa jumla unaofaa kwenye kichanga cha Bagamoyo mjini unaweza usitoshe kwenye udongo ule. Fundi mwenyeji analijua hilo. Mwulizeni, halafu mpigieni mhandisi mkiwa bado na shimo wazi. Mhandisi akichelewa, piga picha kwa simu, futi imelazwa kando ya nondo, mtumie, na usubiri jibu lake la maandishi. Siku mbili za kusubiri ni nafuu kuliko kupasua ukuta.

Zege nalo lina masharti yake ndani ya mkataba, hata kama hakuna aliyeyasoma. Uwiano wa moja kwa mbili kwa nne hupimwa kwa boksi au ndoo, hauwezi kupimwa kwa koleo la kukisia. Likishamwagwa linataka kumwagiliwa maji wiki nzima. Mahali ambapo maji yananunuliwa kwa dumu, kumwagilia ni gharama, na kwenye michanganuo mingi gharama hiyo haikuandikwa. Akina mama wanaombwa kujitolea siku ya kwanza, siku ya nne hakuna mtu. Kama maji ni nguvu za wananchi, basi pangeni zamu kwa vitongoji na kuziandika. Kama ni fedha, liwekwe fungu tangu mwanzo. Kujitolea kusikopangwa kunaishia kwenye sakafu inayotoa vumbi mwaka wa pili.

Kitu kingine kinachovuruga mikataba midogo ni wingi wa wanaotoa amri. Fundi yuko kazini. Diwani anapita, anasema dirisha hili liongezwe. Mwenyekiti wa kijiji anapita, anasema varanda iwe pana. Mgeni kutoka wilayani anasema rangi hiyo hapendi. Fundi anatii wote, na mwisho wa kazi analeta hesabu ya kazi za nyongeza ambayo hakuna aliyeiidhinisha. Kwenye mkataba, anayemwelekeza fundi ni mmoja tu, na kila badiliko linaandikwa kabla halijafanyika: ni nini, kwa bei gani, linaongeza siku ngapi. Mnaweza kuona ni ukali usio na maana kwa kazi ya dirisha. Kumbukeni lile ghorofa la Dar es Salaam, Mtaa wa Indira Gandhi, lililoanguka asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, likaua watu 36. Taarifa zilizotolewa wakati ule zilisema kibali kilikuwa cha ghorofa 10, na jengo lilikuwa limefika 16. Badiliko lisilopita kwenye karatasi ya mtu mwenye dhamana lina uzito wake, na uzito huo unabebwa na nguzo zile zile za mwanzo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Fundi anachelewa. Au anafanya kazi mbovu. Au ametoweka na fedha ya hatua ya pili. Tunafanya nini?

Tulichozoea ni hiki: analetwa kiongozi, wananchi wanakusanyika, kiongozi anauliza kwa sauti fundi yuko wapi, na polisi anaambiwa amchukue. Watu wanapiga makofi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48. Uwezo huo uliwekwa kwa ajili ya mtu anayehatarisha amani au aliyetenda kosa la jinai, wala haukuwekwa kwa ajili ya kuchelewa kupaua. Kama fundi ameiba, hilo ni kosa na lina mahali pake. Kama amechelewa, basi amevunja mkataba, na dawa ya mkataba uliovunjwa imo ndani ya mkataba. Mkimweka ndani, bati halipandi. Na mkija mbele ya msuluhishi, mtakuta yeye ndiye mwenye malalamiko.

Msidhani nazungumza nadharia. Wilaya yetu hii ya Bagamoyo ina mtambo wa Ruvu Chini, unaosukuma maji kwenda Dar es Salaam. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya jiji, pamoja na mtambo huu, ulikabidhiwa kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa hapa nyumbani. Mkataba ulikuwa wa miaka 10, ukienda sambamba na kazi za ukarabati na ununuzi wa mitambo. Haikufika miaka 2. Kampuni ilishindwa kukusanya mapato iliyoyategemea, ikaacha kulipa ilichotakiwa kulipa, na wananchi hawakuona maji waliyoahidiwa. Kwa ufupi, serikali yetu ilikuwa na hoja nzito. Mei 2005 ikatangazwa hadharani kwamba mkataba umevunjwa, ofisi zikachukuliwa, na mwanzoni mwa Juni viongozi watatu wa kampuni wakasafirishwa kutoka nchini.

Yaliyofuata yalichukua miaka 3. Kwenye usuluhishi mmoja, uliohusu mkataba wenyewe, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilishinda, na City Water ikaamriwa kulipa takriban pauni milioni 3. Kwenye baraza jingine, lile la kusuluhisha migogoro ya uwekezaji lililo chini ya Benki ya Dunia, uamuzi wa Julai 2008 ulisema kampuni haistahili kulipwa fidia hata senti, kwa sababu biashara yake ilikuwa imekwisha kufa. Lakini baraza hilo hilo likasema Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa namna ilivyoiondoa kampuni: tangazo la hadharani, kuchukua ofisi kwa nguvu, kuwasafirisha watu, wakati mkataba ulikuwa na hatua zake za kumaliza na hatua hizo zilikuwa zimekwisha kuanza. Tulikuwa na haki mkononi, tukaichanganya na nguvu, ikabidi tuitetee kwa mawakili kwa miaka. Serikali inaweza kubeba gharama hizo. Kijiji hakiwezi.

Hatua za mkataba huanza na karatasi. Kwenye kazi kubwa duniani kote kuna masharti ya mikataba yaliyoandikwa na Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, FIDIC, lililoundwa mwaka 1913. Katika toleo lao la mwaka 1999, mkandarasi anayetaka kudai siku za nyongeza au fedha za nyongeza anapewa siku 28, tangu alipojua au alipotakiwa kujua tatizo, awe ametoa notisi ya maandishi. Zikipita, dai limekufa, hata kama lilikuwa la kweli. Ukali huo una maana. Mtu akikuandikia leo kwamba mvua imemzuia, unaweza kwenda leo kuangalia kama kweli eneo la kazi limejaa maji. Akikuambia baada ya miezi 6, utaangalia nini?

Notisi ya kumpa fundi aliyechelewa nayo haihitaji wakili. Karatasi moja. Tarehe. Mkataba ulisema utafikisha lenta siku fulani. Leo tumepima, umefika kozi ya saba. Kifungu fulani kinasema hivi. Tunakupa siku 7 uwe kazini na watu wa kutosha. Usipofanya hivyo tutachukua hatua ya kifungu kinachofuata. Nakala kwa mhandisi, nakala kwa mtendaji, na fundi asaini kuwa amepokea. Akikataa kusaini, mashahidi wawili waandike kwamba amekabidhiwa akakataa. Siku 7 zikipita, pimeni kazi yote iliyofanyika, akiwepo au aliyemtuma akiwepo, hesabuni alicholipwa na alichostahili, ndipo mtafute fundi mwingine. Na kama mkataba una kiasi cha kukatwa kwa kila siku ya ucheleweshaji, kumbukeni kuwa kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyeumia fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichoandikwa. Hakimpi nafasi ya kumkomoa mwenzake. Mkiandika faini inayomeza malipo yote ya fundi, mtaonekana mlitaka kumtisha.

Nimesema sana juu ya fundi. Niseme na juu yetu sisi tunaolipa, maana mkataba unafunga pande zote mbili, na katika nchi yetu upande unaouvunja mara nyingi zaidi kwa kimya ni upande wa mlipaji. Wakandarasi wa ndani wamelia miaka mingi kwamba hati za malipo zinakaa mezani miezi, na mkaguzi mkuu ameandika mara kwa mara juu ya riba ambayo serikali inalipa kwa kuchelewesha malipo ya barabara. Kanuni za ununuzi za mwaka 2024 zimetenga kazi za hadi shilingi bilioni 50 kwa wakandarasi wa ndani, nami nimelipokea kwa furaha. Lakini kumtengea mtu kazi halafu usimlipe ni kumpeleka benki akafilisike. Fundi wa darasa hana hata hiyo riba. Mkataba wake haukuiandika. Akikaa wiki tatu anasubiri saini ya mtu aliyekwenda semina, saidia fundi wake wanaondoka, mama lishe anamfungia daftari la madeni, na akirudi kazini anarudi na watu wapya wasiojua kushika timazi. Ukuta uliopinda mara nyingi umeanzia kwenye malipo yaliyochelewa. Naomba kamati zinazoandika mikataba sasa ziongeze mstari mmoja tu: kazi ikishapimwa na kukubaliwa, fundi alipwe ndani ya siku kadhaa, na zikipita bila kulipwa, siku zake za kumaliza kazi ziongezwe kwa idadi hiyo hiyo. Hamtapungukiwa kitu, na fundi atajua ana washitiri wanaojiheshimu.

Yote haya yasiishie kwenye kamati. Kijiji kina mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa hapo. Msiridhike na jumla. Mtu akisoma kuwa ujenzi wa darasa umetumia milioni 14, ulizeni: kazi imefika hatua gani, fundi ameshalipwa ngapi kati ya ngapi, stoo kuna nini. Maswali matatu. Mjumbe aliyejaza daftari atajibu kabla hujamaliza kuuliza, na mkutano utamshukuru. Na waulizaji wasiwe wanaume peke yao. Aliyebeba maji ya zege ana haki ya kwanza ya kujua zege limekwenda wapi.

Sasa siku ya kukabidhi. Kuna utepe, kuna ngoma, kuna mgeni rasmi, na siku hiyo ndiyo fundi anapoomba amaliziwe chake chote. Angalieni mkataba. Kama umeandikwa vizuri, kuna asilimia 5 au 10 iliyozuiliwa katika kila malipo, na kuna kipindi cha uangalizi, mara nyingi miezi 6 au 12, ambacho fundi anawajibika kurudi kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Fedha hiyo ni ya fundi, wala isitumike kununulia soda za sherehe, kama ambavyo baadhi ya kamati zimethubutu kufanya. Ikae kwenye akaunti na iandikwe kwa jina lake. Kama darasa limekabidhiwa Januari, msiiachie kabla masika ya Machi hadi Mei haijapita. Katikati ya mvua, wajumbe wawili na fundi mwenyewe waingie ndani waangalie siling bodi kama ina madoa ya maji, waangalie kona za madirisha kama zina nyufa, wamwage ndoo ya maji sakafuni waone yanaelekea wapi. Kila kasoro iandikwe, apewe siku za kuirekebisha, ikaguliwe tena. Akimaliza, mwiteni, mlipeni yote iliyobaki bila kukata, na mpeni barua inayosema alijenga nini, kwa muda gani, na kwamba aliimaliza kazi yake. Kwa barua hiyo ataomba kazi Kiwangwa na Msata.